Nani Aliukagua Mtungi?

Mtu anayeumwa na goti ana nafasi ya kuchagua. Huuliza jirani, hulinganisha bei, huahirisha hadi mwisho wa mwezi, na asiporidhika na daktari huyu humwendea mwingine. Mtu aliyegongwa na lori usiku kati ya Voi na Mariakani hana nafasi hiyo. Gari litakalosimama kando yake ndilo gari lake. Hawezi kuuliza kama mtungi wa oksijeni umejaa, kama aliyevaa sare amesomea kazi hiyo, wala kama machela imefungwa imara sakafuni. Mara nyingi hana hata fahamu.

Naamini masharti ya leseni na ukaguzi ni maswali ambayo mgonjwa huyo angeuliza kama angeweza, yakaulizwa na mtu mwingine kwa niaba yake, mapema, gari likiwa bado limeegeshwa. Lakini wapo watu wema wanaoona vingine, na hoja zao si za kupuuzwa. Kwa hiyo nimewakalisha barazani wasemaji wanne. Nimewaunda mwenyewe, ila wanayoyasema ndiyo yanayosemwa pwani ya Kenya kila suala hili linapozuka. Yupo Mwenye Magari, mwenye ambulensi tatu Mombasa. Yupo Mama, aliyefiwa njiani. Yupo Mhudumu, dada ambaye kazi yake ni nyuma ya gari pamoja na mgonjwa. Na yupo Wakili.

MWENYE MAGARI: Nianze mimi, maana najua nimeitwa hapa kama mshtakiwa. Gari langu la kwanza nililinunua likiwa limetumika Japani. Lilikuwa la kubebea mizigo. Fundi akatoa viti, akaweka machela, taa na king'ora, tukaandika AMBULENSI ubavuni. Mnasema hilo ni kosa. Basi niambieni: kabla yangu, majeruhi wa barabara ile alibebwa na nini? Pikapu, juu ya magunia, miguu ikining'inia nje. Leo mnataka leseni ya kaunti, ukaguzi wa gari, bima, vyeti vya wahudumu, mashine ya kushtua moyo, na kila kimoja kina ofisi yake, foleni yake na siku yake. Mkinifungia, mgonjwa atarudi kwenye pikapu. Gari lenye upungufu ni afadhali kuliko kukosa gari.

MAMA: Bwana, pikapu haingenidanganya.

MWENYE MAGARI: Nikudanganye mimi, mama yangu?

MAMA: Si wewe. Sikiliza tu. Mume wangu alikuwa amelazwa Voi, ana homa ya mapafu. Pale hospitalini alikuwa na mtungi mkubwa wa hewa pembeni ya kitanda, na alikuwa anaongea. Tukaambiwa apelekwe Mombasa. Shemeji yangu alikuwa na Probox langoni, tayari. Tukaambiwa hapana, gari dogo halina oksijeni, ngojeni ambulensi. Tukangoja karibu saa mbili. Ikaja na taa zake, tukashukuru Mungu. Hatukuuliza kitu, ungeuliza nini? Tulipofika kule kwenye malori yaliyopanga foleni, yule kijana aliyekaa nasi nyuma akaanza kugonga geji kwa kidole. Halafu akagonga dirisha la dereva. Dereva akaongeza mwendo na kupandisha sauti ya king'ora. Lakini king'ora hakina hewa ndani yake. Mume wangu hakufika. Kila mara naambiwa kwamba gari lenye upungufu ni afadhali. Kwetu lilimtoa penye hewa likampeleka pasipo na hewa.

Nitaongeza neno langu hapo, kwa kuwa hoja ya Mwenye Magari ndiyo nzito kuliko zote zinazotolewa dhidi ya kanuni, na wengi huishia hapo. Inachukulia kwamba mgonjwa anatoka penye balaa kwenda penye nafuu, hivyo chochote kinachomsogeza ni faida. Lakini safari nyingi za ambulensi ni za rufaa, kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa. Mgonjwa huyo tayari ana kitanda, muuguzi, dripu na mtungi ukutani. Kumhamisha ni kumtoa kwenye vitu hivyo kwa saa moja au mbili, kwa ahadi kwamba gari litakuwa navyo. Taa na king'ora ndiyo ahadi yenyewe. Dereva wa Probox hakuahidi kitu zaidi ya mwendo, na familia inayompanda yeye inajua imepanda nini.

MHUDUMU: Pole, mama. Nataka niwafanyie hesabu, maana watu hudhani oksijeni huisha kwa bahati mbaya. Ule mtungi wa kubeba ninaoutumia, ukiwa umejaa, hutoa kama lita 680. Mgonjwa aliyezidiwa namfungulia lita 10 kwa dakika. Gawanya: dakika 68. Voi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 140, na ukikutana na malori unaweza kumaliza saa mbili na nusu. Kwa hiyo hata mtungi uliojaa pomoni utaisha kabla hujaiona Mariakani. Uliotumika nusu jana usiku na haukujazwa utaisha baada ya dakika 34. Hapo hakuna siri ya kitabibu, ni hesabu ya darasa la tano. Gari linalofanya safari hiyo linatakiwa kuwa na mtungi mkubwa uliofungwa ukutani, mwingine wa akiba, na mtu aliyesoma geji kabla ya zamu kuanza, akaandika namba, akatia sahihi. Karatasi hiyo moja ndiyo watu huiita urasimu.

MWENYE MAGARI: Karatasi sina ugomvi nayo.

MHUDUMU: Una ugomvi nayo, Bwana. Inapoonyesha mtungi haujajaa, gari halitoki, na wewe unapoteza safari. Ndiyo maana karatasi hiyo lazima iwe na nguvu kuliko simu ya tajiri. Mimi nimewahi kuambiwa, "Nenda tu, utajaza huko mbele." Kama hakuna sheria nyuma yangu, nikikataa napoteza kazi. Ikiwapo sheria, nakataa kwa jina lake. Watu hufikiri kanuni zinamlinda mgonjwa peke yake, kumbe hata mimi hunilinda.

Na si oksijeni tu. Machela isiyofungwa, dereva akikanyaga breki, inakwenda mbele na mgonjwa wake kama jiwe la teo. Mashine ya kufyonza isiyofanya kazi ina maana mtu aliyetapika huku amezimia atavuta matapishi mapafuni nami nikitazama. Fomu ya makabidhiano nayo: nikimpa majeruhi mofini saa nane usiku nisiandike, daktari wa mapokezi atamkuta analia kwa maumivu, atampa tena, na mofini ikizidi humzuia mtu kupumua. Tena nisiwafiche, lipo la wenzangu. Wapo waliosoma huduma ya kwanza kwa siku chache wakavishwa sare kama yangu. Huduma ya kwanza ni kitu kizuri, kila dereva wa matatu angeijua. Lakini kumwekea mtu bomba la hewa kooni gari likiyumba ni kazi nyingine. Mgonjwa hawezi kututofautisha. Lazima awepo anayetutofautisha kwa niaba yake.

WAKILI: Na kwa Kenya jambo hili si hisani. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, ikafafanua kwamba matibabu hayo yanaanza kabla ya hospitali: huduma ya mgonjwa njiani, kumtuliza hali, kisha kumpangia rufaa. Kwa hiyo ambulensi imo ndani ya haki yenyewe. Ukimpa mtu gari lisilo na vifaa ukaliita ambulensi, umempa haki yake ikiwa tupu. Pia Jedwali la Nne la Katiba linaziweka huduma za ambulensi chini ya kaunti, zote 47. Tunaye wa kumuuliza.

MWENYE MAGARI: Wakili, Katiba hiyo ilikuwapo Oktoba 2015. Unakumbuka yule kijana wa Nairobi?

WAKILI: Nakumbuka.

MWENYE MAGARI: Basi niwakumbushe wengine. Kijana aligongwa na gari, akaumia kichwa. Ambulensi ilimchukua. Akakaa ndani yake saa 18. Hospitali hii haina kitanda cha mahututi, ile inataka amana ya fedha ambazo familia haina. Mhudumu alikuwamo, akabaki naye muda wote huo. Alipopokelewa mwishoni, hakupona. Mtu wa ambulensi alitimiza wajibu wake, na milango iliyomfungia ilikuwa ya hospitali zenye leseni. Sasa niambieni leseni iliokoa nini.

Swali hilo linauma, na lazima liume. Tangu 2010 haki ilikuwa imeandikwa kwa sentensi moja fupi, na miaka mitano baadaye ikashindwa kumfungulia mlango mtu mmoja aliyeumia kichwa katika mji mkuu. Ila tuangalie vizuri haki hiyo ilikofeli. Kilichokosekana usiku ule ni utii kwa upande wa mlango wa kupokelea. Hakukuwa na mtu aliyejua vitanda viko wapi, hakukuwa na adhabu ya kuogopwa kwa anayedai amana kwanza, wala fungu la kumlipa anayepokea bila kuuliza. Sheria ya 2017 ilikuja kufanya iwe kosa kwa kituo chenye uwezo kumnyima mtu matibabu ya dharura. Ilichelewa kwa kijana yule. Tukio lake linanifundisha kwamba kanuni ikimbana mwenye gari ikamwachia mwenye kitanda, mgonjwa atafia kwenye maegesho badala ya kufia barabarani.

WAKILI: Niongeze jingine ambalo wenye magari wenyewe hulilalamikia. Polisi wa Kenya wamewahi kukamata bangi ndani ya magari yenye alama za wagonjwa. Mhalifu anajua gari lenye king'ora halisimamishwi. Kama mtu yeyote anaweza kununua taa na kujichorea alama, askari wa kizuizini hana njia ya kujua ni lipi lenye mtoto aliyeishiwa damu na lipi lenye magunia. Atasimamisha yote. Anayelipa ni yule mtoto.

MWENYE MAGARI: Hapo sikupingi.

Sasa niwape historia kidogo, kwa sababu sisi si wa kwanza kupita hapa. Mwaka 1966, ripoti ya wanasayansi wa Marekani kuhusu vifo vya ajali ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma za ambulensi nchini humo zilitolewa na wenye nyumba za mazishi, kama 12,000 hivi. Sababu ilikuwa nyepesi na ya kutisha: gari la kubebea maiti lilikuwa gari ambalo ndani yake mtu angeweza kulala chali. Hapakuwa na kiwango cha nchi nzima cha gari wala cha mafunzo. Mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, kikundi kilichoitwa Freedom House kiliwachukua vijana Weusi kutoka mtaa maskini wa Hill District, wengine hata sekondari hawakumaliza, na daktari Peter Safar akapanga mafunzo yao. Baadaye daktari Nancy Caroline akawa mkurugenzi wao wa tiba. Walikuwa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa dharura Marekani waliofunzwa kwa kina, na kazi yao ilisaidia kujenga mtaala wa nchi nzima.

Halafu mwaka 1975 jiji likaanzisha huduma yake lenyewe na kuivunja Freedom House. Wengi wa wahudumu wale Weusi wakasukumwa pembeni, wengine kwa mitihani ya mambo ambayo hawakufundishwa.

MWENYE MAGARI: Umeona! Hicho ndicho ninachokiogopa. Leo mnasema usalama wa mgonjwa. Kesho kampuni kubwa yenye jamaa yake ofisini inaandikiwa masharti yanayoitosha yenyewe tu, na sisi wadogo tunafutwa. Kanuni ni kisu, inategemea kimeshikwa na nani.

Hofu hiyo ni ya haki na sitaki kuifunika. Kanuni inayotungwa mafichoni, ikatangazwa Jumatatu na kutekelezwa Ijumaa, ni mtego. Kanuni ya kweli hutangazwa mapema, huwa moja kwa wote, humpa mtu muda wa kusoma kabla ya kumtahini, na anayekataliwa huambiwa kwa maandishi amekosa nini. Lakini wale wa Pittsburgh hawakuwa wakipinga viwango. Wao ndio waliokuwa viwango. Walichodhulumiwa ni haki ya kupimwa kwa mizani iliyo sawa.

MHUDUMU: Na si lazima mizani iwe ya gari moja tu la kifahari. Angalieni ndugu zetu Tanzania na mpango wao wa m-mama, kwa akina mama wajawazito na watoto wachanga. Ulijaribiwa Shinyanga na Sengerema, na mwaka 2022 Rais Samia akauzindua kwa nchi nzima. Unapiga 115 bila malipo. Mtu wa kituo cha mkoa anasikiliza, anaamua kama ni dharura, anatafuta ambulensi. Ikiwa haipo karibu, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyeandikishwa, na dereva analipwa kwa simu. Gari lake ni teksi tu.

MWENYE MAGARI: Ehe! Teksi! Sasa kwa nini mimi nibanwe?

MHUDUMU: Kwa sababu dereva yule hakujiita ambulensi. Ameandikishwa, anajulikana, ameitwa na mtu aliyejua hali ya mama na akampangia kituo cha kwenda, na nauli imewekwa, si ya kupatana huku mama ana uchungu. Hizo zote ni kanuni, Bwana. Zimepimwa kwa uwezo wake. Nami nataka hivyo hivyo kwetu: lipo gari la kusafirisha mgonjwa aliyetulia, lipo la huduma ya msingi, lipo la mahututi. Kila moja na orodha yake ya vifaa na wahudumu, na daraja lake liandikwe ubavuni kwa herufi zinazosomeka.

MWENYE MAGARI: Basi nipeni hilo la kwanza. Niandikieni kwamba yangu ni ya kusafirisha tu.

MAMA: Na king'ora ukitoe?

Mwenye Magari alichukua muda kujibu.

MWENYE MAGARI: Mama, king'ora ndicho kinachoniletea wateja.

MAMA: Najua. Ndicho kilichotuleta sisi.

Sitazidisha neno hapo. Yaliyobaki ni ya fedha, nayo yapite haraka ingawa ni makubwa. Mwenye Magari anauliza atalipwa na nani akishatimiza masharti, kwa sababu majeruhi wa barabarani hana pochi, na mtungi mkubwa haujazwi kwa dua. Wakili anamjibu kwamba Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, na kwamba fedha za umma haziwezi kumlipa mtu asiyejulikana ana gari gani na wahudumu gani. Leseni ndiyo mlango wa malipo. Nakubaliana naye, kwa sharti moja: malipo yafike. Serikali inayodai vifaa kamili kisha inakaa na ankara kwa miezi inawaua wale wale waliotii na kuwaacha waliokwepa, kwa kuwa aliyekwepa hakuwa na gharama.

MAMA: Na gari la kaunti? Maana mmezungumza juu ya tajiri mwenye magari matatu tu.

MWENYE MAGARI: Ahsante, mama. Mimi nikikutwa bila bima, gari linazuiwa. Gari la kaunti likikosa mafuta wiki nzima, linaitwa changamoto. Likisimama bila magurudumu nyuma ya hospitali, linaandikwa kwenye ripoti kwamba lipo.

WAKILI: Katiba haikuitoa kaunti. Iliitaja kwa jina.

MHUDUMU: Na mgonjwa hajui gari ni la nani.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye Magari ana haki ya kupata ofisi moja badala ya tano, orodha inayolingana na daraja la gari lake, muda wa kuwafunza watu wake, na malipo yanayofika. Hana haki ya king'ora kwenye gari lisilo na hewa. Kaunti nayo ikaguliwe na mtu asiyelipwa na kaunti, kwa orodha ile ile, na matokeo yabandikwe mahali mwananchi anapoweza kuyasoma. Hospitali inayopokea ihesabiwe ndani ya mnyororo huo huo, vitanda vyake vya mahututi vijulikane na anayepokea simu kabla gari halijaondoka.

Nawe msomaji, siku ukisimama kwenye mlango wa gari na ndugu yako amelazwa ndani, omba uonyeshwe geji ya oksijeni na uulize safari ni ya dakika ngapi. Anayejua kazi yake hatakasirika. Lakini usingoje siku hiyo. Mwakilishi wa wadi yako yupo leo: muulize kaunti ina ambulensi ngapi zinazotembea, nani alizikagua mwaka huu, na ripoti yake iko wapi.